Nani Alimpaka Fisi Asali?

Hotuba ya kamati ya fedha katika harambee ya mwaka ya chama chetu, Dar es Salaam

   

Kwenye ratiba imeandikwa kwamba kamati ya fedha itazungumzia vitabu vya hadithi kwa shule zetu za msingi. Wengine mlicheka mlipoisoma, na tuliwasikia. Wahasibu na hadithi, wapi na wapi? Mwaka jana tulisimama hapa tukazungumzia saruji, mwaka juzi mabati. Tunaomba mtuvumilie, kwa sababu mabati hayohayo ndiyo yaliyotufikisha kwenye hadithi, na kabla hatujaomba shilingi moja leo kuna jambo la mabati hayo ambalo tunawiwa kulisema mbele yenu.

Mpango wetu wa kwanza haukuwa hadithi. Wazazi wengi mlikuwa mmelalamika, kwenye vikao na kwenye kundi letu la simu, kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu, wanajibu wakubwa, wanadokoa, hawapishi wazee njiani. Tukaafikiana tuchapishe mabango ya maadili, yale makubwa ya kutundika ukutani: HESHIMA. UAMINIFU. BIDII. UZALENDO. Rangi nne, yamefunikwa nailoni yasiingie maji. Tulishapata bei ya mchapaji wa Kariakoo. Sisi watu wa hesabu tuliupenda mpango huo kwa sababu bango linahesabika: shule nne, madarasa saba kila shule, mabango manne kila darasa, jumla mabango 112. Ukifika shuleni unayaona ukutani, unapiga picha, unaiweka kwenye taarifa, kazi imekwisha.

Kabla ya kulipa, watatu kati yetu tulipanda Mombo hadi juu kwenda kuona kuta zenyewe. Katika moja ya shule zetu nne mwalimu wa darasa la nne alituomba tukae nyuma kwanza, amalize kipindi. Darasa lilikuwa na watoto 84, wanne wanne kwenye dawati la watu watatu. Mwalimu hakuwa na kitabu mkononi. Akasema, “Hadithi, hadithi!” Watoto wakaitika kwa sauti iliyotufanya tukae wima, “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!”

Hadithi aliyoisimulia wengi wenu mnaijua. Sungura, fisi na wanyama wenzao walirina asali, wakaiweka kwenye chungu kimoja ili waile wote siku ya mavuno. Sungura akawa anaamka usiku na kulamba kidogo kidogo, mpaka chungu kikabaki kitupu. Alfajiri ya siku ya mavuno akachukua masazo yaliyoshika kwenye ukingo wa chungu, akampaka fisi mdomoni akiwa amelala. Kulipokucha yeye ndiye aliyepiga yowe la kwanza. Wanyama wakaja mbio, wakakuta chungu kitupu, wakamkuta fisi na mdomo unaong'aa asali. Tena ni fisi, mnyama ambaye kila mtu anajua ni mlafi.

Hapo mwalimu akanyamaza. Hakuimaliza. Akasema, “Nyinyi ndio wanyama mliokuja asubuhi. Mnafanya nini?”

Wengi walisema fisi apigwe. Mvulana mmoja akasema afukuzwe, asipigwe, maana kupiga ni dhambi. Mwalimu akawa anaitikia tu, “Ehee. Mwingine?” Msichana wa dawati la mbele akauliza mbona asali iko mdomoni tu, kwenye kucha haimo, mtu anayekula asali chunguni si atatumia mkono? Darasa likavuma. Mwingine akasema fisi apewe maji ya chumvi atapike, waone kama kuna asali tumboni. Tulicheka, lakini tukasema moyoni kwamba mtoto huyu siku moja atakuwa mkaguzi wa hesabu. Mwingine akauliza kwa nini sungura, ambaye nyumba yake iko mbali, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona chungu kitupu.

Kisha mtoto wa dawati la nyuma, karibu kabisa na benchi letu, akanyoosha kidole. Akauliza, bila ukali wowote, kama anavyouliza mtoto: “Mwalimu, na yule babu mlinzi, yeye aliulizwa?”

Mwalimu alitutazama sisi. Watoto wote 84 wakageuka, wakatutazama.

Sasa tuwaeleze wale ambao hamkumbuki. Mwaka juzi mlichanga fedha za kuezeka madarasa mawili ya shule hiyo. Tulinunua mabati 120. Fundi alipoyahesabu kabla ya kuanza kazi alikuta 80. Darasa moja likaezekwa, la pili likafunikwa turubai, na turubai la milimani mnalijua, ukungu ukiingia haukauki mpaka saa sita mchana. Mabati 40 yalikuwa yamelala stoo ya shule, au ndivyo tulivyoamini, na aliyekuwa akilinda stoo ni mzee mmoja ambaye ameilinda shule hiyo tangu baadhi yetu tukiwa wanafunzi pale. Tuliuliza kwa simu. Tukajibiwa kwa simu. Mkutano wa kijiji ukakaa, mzee akaondolewa kazini, na sisi kwenye kijitabu cha mwaka huo tukaandika mstari mmoja: kwamba mabati 40 yalipotea shuleni kwa uzembe wa mlinzi. Mstari mmoja tu. Hatukumtaja jina, lakini shule ina mlinzi mmoja.

Tuliporudi Dar es Salaam tulifungua faili. Aibu yetu ni kwamba hatukuwahi kulifungua tangu siku ya malipo. Ndani yake mlikuwa na ankara ya kifani ya mabati 120, vocha yetu ya malipo ya mabati 120, na hati mbili za kupokelea mzigo. Ya kwanza ilikuwa ya mabati 80, imesainiwa na mwalimu mkuu na mlinzi, na alama ya kidole gumba chake iko pale, nyeusi, wazi. Ya pili ilikuwa ya mabati 40. Haikuwa na saini. Haikuwa na tarehe ya kufika. Ilikuwa imejazwa dukani na kubaki dukani. Mabati 40 hayakuwahi kupanda mlima. Yule aliyetuuzia alikuwa amelipwa yote mapema, kwa sababu sisi, wenye shahada za uhasibu, tulilipa kwa ankara ya kifani bila kusubiri hati ya kupokelea. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa asifanye hivyo. Duka lenyewe limeshafungwa, na mwenye duka hapatikani.

Kwa hiyo asali aliila mwingine, na wa kwanza kupiga yowe tulikuwa sisi.

Mabati 40 tumeyanunua upya. Hatukugusa fedha za chama. Wanakamati watano tumechanga wenyewe, na risiti na hati iliyosainiwa ziko kwenye ukurasa wa hesabu wa kijitabu hiki. Darasa la pili limeezekwa. Tulikwenda pia nyumbani kwa mzee, tukiwa na mwenyekiti wa kijiji. Alitukaribisha, akatupa viti, akasikiliza mpaka tukamaliza. Hakutaka fidia tuliyokwenda nayo, ingawa baada ya mkewe kuzungumza naye pembeni alikubali mishahara ya miezi aliyokaa bila kazi. Kurudi kulinda shule alikataa kabisa. Alichotaka ni kitu kimoja. Alisema, “Mlinisema kwenye kitabu chenu. Mnisafishe kwenye kitabu.” Mwenyekiti amekwishalitangaza kwenye mkutano wa kijiji, na hotuba hii, ambayo itachapwa kama ilivyo, ndiyo kitabu alichokiomba. Mzee hakuiba bati hata moja. Tulikosea sisi, na tunamwomba radhi yeye na familia yake mbele yenu.

Tumeahirisha mabango. Tungependa kueleza kwa nini, maana wengine mtasema suala la mabati ni suala la uhasibu, maadili ya watoto yanaingiaje.

Baada ya kipindi kile tulimuuliza mwalimu kama alikuwa amepanga swali lile litokee. Alikana, na tunamwamini, kwa sababu alikuwa ameona haya kuliko sisi. Akatueleza kitu ambacho hatujakisahau. Hadithi hiyohiyo aliwahi kuifundisha mwaka uliotangulia kwa namna sisi wote tulivyofundishwa. Alisoma mpaka mwisho, sungura akagundulika, akakimbia. Akauliza, “Hadithi hii inatufundisha nini?” Akaandika jibu ubaoni: “Tusiwe wezi.” Watoto wakanakili, madaftari yakasahihishwa, kila mtu alama ya vyema. Mabati yalikuwa yameshapotea wakati huo, na mlinzi alikuwa ameshafukuzwa. Hakuna mtoto aliyeuliza lolote. Walikuwa wamepewa jibu, na anayepewa jibu hana sababu ya kutazama dirishani. Mwaka huu mwalimu alibadilisha jambo moja tu. Alikatisha hadithi mahali panapouma na kuwaachia watoto kazi ya kuhukumu.

Bango letu la UAMINIFU lingekuwa ukutani juu ya kichwa cha mtoto yule, na yeye angelisoma kila siku, na angejua pia kwamba waliolitundika ndio waliomfukuza babu bila kumuuliza. Watoto wanaona. Hicho ndicho tulichokuwa tunakaribia kulipia.

Hatusemi kwamba serikali haikulifikiria jambo hili. Shule zilikuwa na somo la Uraia na Maadili, na mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Tangu mwaka 1967 Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea alitaka shule ifundishe watoto kuishi pamoja na kufikiri wenyewe, siyo kufaulu mitihani tu. Lakini mtihani una namna yake ya kulipindua kila somo. Mtoto akiulizwa maana ya uadilifu atakuandikia fasili, na unaweza kumpa alama zote bila kujua kama atarudisha chenji dukani. Kwenye hadithi hawezi kujificha nyuma ya fasili. Inabidi aseme fisi apigwe au asipigwe, na mwenzake wa dawati moja anamsikia.

Tulipoanza kutafuta ni hadithi zipi za kupeleka, tuligawanyika, na wacha tuwaonjeshe ubishi wenyewe. Mmoja wetu alitaka tuanze na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kitabu cha mwaka 1952, na ana haki, Shaaban Robert ni mtu wa Tanga yetu, mzaliwa wa Vibambani, na wengi wetu tulikisoma tukakipenda. Lakini katika kitabu hicho mtu mwema anaitwa Adili na ndugu zake wanaitwa Hasidi na Mwivu. Mtoto akisikia majina tu ameshamaliza kuhukumu. Kwa wakubwa kina mengi, hasa yale mapigo ya kila usiku ambayo Adili analazimishwa kuwapiga nduguze waliogeuzwa manyani huku moyo unamuuma. Pale pana swali zito kuhusu adhabu na huruma. Kwa darasa la tatu na la nne, hapana. Tulikubaliana kiende darasa la saba.

Wa pili alitetea Hekaya za Abunuwasi, na hapo tulikaa mpaka usiku. Mnakumbuka Abunuwasi alivyoazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, akisema sufuria imezaa. Jirani akafurahi, akapokea vyote viwili. Akaazima tena, safari hii akakaa nayo, na jirani alipoifuata akaambiwa sufuria imekufa. Jirani akapiga kelele, sufuria inakufaje? Akajibiwa: uliposikia imezaa ulikubali. Sisi watu wa fedha tunaipenda hekaya hii kuliko tunavyopaswa, maana tumewaona watu wengi waliopokea faida wasiyoweza kuieleza na hawakuuliza swali hata moja mpaka siku ya hasara. Kila upatu uliovunjika mjini hapa ulianza na sufuria iliyozaa. Lakini je, Abunuwasi ni mwalimu au ni mwizi? Tuliwauliza watoto wetu wenyewe nyumbani. Mmoja, wa miaka tisa, alisema wote wawili ni wezi, ila jirani aliiba kimya kimya. Hatukuwa tumeiona hivyo.

Ya tatu ni ya kwetu, na hii hatukubishana. Hadithi ya Mbegha imo katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, na imo pia vinywani mwa wazee wetu waliokaa safu ya mbele hapa. Mbegha aliota meno ya juu kwanza, akaitwa kigego, mtoto wa nuksi, ndugu zake wa Nguu wakamnyima urithi na kumkataa. Akaondoka na mbwa wake na mikuki, akawa mwindaji wa nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba. Alipofika kwa Washambaa aliwagawia nyama, wao wakampa vyakula vya shamba, na mwisho wake aliyekataliwa kwao akatawala Vuga. Watoto wetu wanaijua kama sifa ya kabila. Mwalimu mmoja amejaribu kuisimamisha pale mwanzoni, Mbegha akiwa anafunga virago, akawauliza watoto: wewe ni binamu yake, unajua hana kosa, lakini ukimtetea na wewe utanyimwa fungu lako. Unasema nini? Ametuambia darasa lilikaa kimya muda mrefu kuliko alivyozoea, na kwamba waliosema wangenyamaza walikuwa wengi, nao walisema kweli. Mwalimu hakuwakaripia. Alituambia afadhali mtoto aseme kweli kwamba angeogopa kuliko aandike daftarini kwamba ni jasiri.

Hadithi hiyo ilisimuliwa na bibi mmoja wa kijijini kwa Kishambaa, na watoto wakaisimulia upya kwa Kiswahili. Wale ambao huwa kimya darasani kwa sababu Kiswahili chao bado kinakwama ndio waliokuwa wa kwanza kusahihisha wenzao walioruka mambo. Huu ni ushahidi wa darasa moja tu, hatutaki kuupandisha bei, lakini ulitufurahisha.

Tumepata pia pingamizi, na tunazisema kwa sababu waliozitoa ni watu tunaowaheshimu. Mzee mmoja wa kanisa alituuliza, unamfundishaje mtoto ukweli kwa kitu kinachoanza na “uongo njoo”? Tulimjibu kwamba hadithi inatangaza uongo wake mlangoni, kabla mtu hajaketi, na kila msikilizaji ameukaribisha mwenyewe. Mstari wetu kuhusu mlinzi haukutangaza kitu. Ulikaa katikati ya tarakimu safi, ukaonekana ukweli. Mzee alicheka, lakini hatudhani tumemgeuza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mama mmoja alisema hadithi za sungura zinafundisha ujanja, kwa sababu sungura anashinda karibu kila mara, na watoto wanamshangilia. Ni kweli. Hatuna jibu kamili. Tunachoweza kusema ni kwamba sungura wanamjua tayari, wanakutana naye kituo cha daladala, sokoni, na pengine nyumbani. Kumficha kitabuni hakumwondoi. Mwalimu anayeweza kuuliza “na fisi je, usiku ule alilalaje?” anawapa watoto nafasi ya kukaa upande ambao hadithi haikukaa. Mwalimu asiyeweza kuuliza hivyo, hadithi ya sungura mikononi mwake ni hatari kweli, na ndiyo maana katika bajeti yetu kuna fungu la walimu.

Mtakumbuka pia kwamba Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya hadithi mashuleni, vingi vikiwa vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa sababu ya maadili. Wazazi mlitupigia simu mkiuliza kama vipo kwenye shule zetu. Jibu lilikuwa rahisi na la kusikitisha: kwenye shule zetu hapakuwa na kitabu chochote cha hadithi cha kupigwa marufuku. Kuna vitabu vya kiada, vya Taasisi ya Elimu Tanzania, na hata hivyo havitoshi dawati. Hatupingi uamuzi wa kuchuja. Mlango ulinzi unatakiwa. Ila rafu tupu nayo inafundisha kitu, na mtoto asiyepewa hadithi shuleni atazipokea zote kwenye simu ya kaka yake.

Basi bajeti, na hapa tutakwenda haraka kwa kuwa jedwali mnalo. Kila shule itapata vitabu 60 vya hadithi vya Kiswahili, anwani 12, nakala tano kila moja, ili kundi la watoto liweze kushika kitabu na kubishana juu ya ukurasa uleule. Tutanunua tu vile vilivyopata ithibati ya kutumika shuleni, na tumeanza na orodha ya vile vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao tangu mwaka 1991 umesaidia waandishi na wachapishaji wa hapa nchini kutoa vitabu vya watoto kwa Kiswahili. Vitabu 240 kwa wastani wa shilingi 5,000 ni shilingi 1,200,000. Hakuna maktaba, kwa hiyo kila shule itapata sanduku la bati lenye kufuli, manne kwa shilingi 90,000, jumla 360,000. African Storybook wanazo hadithi fupi za picha, nyingine kwa Kiswahili, ambazo leseni yake inaruhusu mtu kuzichapa bila malipo. Tumetenga shilingi 600,000 kwa karatasi na kudurufu, baada ya walimu kuzipitia pamoja na afisa elimu kata. Walimu 16 watakutana siku mbili kwa nauli na chakula, shilingi 640,000. Na wazee watakaosimulia shuleni watapata nauli, shilingi 200,000. Jumla ni shilingi 3,000,000 kamili. Jumla inayotoka kamili hivyo humtia mhasibu wasiwasi, kwa hiyo tumeirudia mara tatu.

Mtaona kwamba tumefuta mabango kabisa na fedha ile ya mchapaji haimo. Mtaona pia kwamba hakuna malipo yatakayofanyika kwa ankara ya kifani. Muuzaji atalipwa mzigo ukishafika shuleni, ukahesabiwa na mwalimu, mjumbe wa kamati ya shule na wanafunzi wawili wa darasa la saba watakaochaguliwa na wenzao. Wanafunzi hao ni wazo la mwalimu wetu wa darasa la nne. Kuna mwanakamati aliyepinga, akasema tunawaingiza watoto kwenye mambo ya wakubwa. Wengine tukamkumbusha kwamba wameshaingia.

Tulimwalika mzee aje leo, tukamtumia nauli. Ameirudisha kwa njia ya simu, akakata ya kutolea, akasema wiki hii anapalilia viazi. Ameagiza nakala mbili za kijitabu, moja yake na moja ya mtoto wa dawati la nyuma.

Meza ya michango iko mlangoni, upande wa kulia, karibu na chai. Mnaweza kutoa taslimu, kwa simu au kwa ahadi, na anayetaka kutoa kitabu badala ya fedha atuone kwanza tuangalie ithibati. Stakabadhi zina namba na zinaandikwa papo hapo. Atakayeondoka bila ya kwake tutamfuata mpaka kituo cha daladala.